BABA ASIYE NA SURA
Watazamaji wa "Teddy Perkins" na Swali la Umaarufu Mbele ya Msalaba

1. Utangulizi

Tarehe 5 Aprili 2018 kituo cha televisheni cha FX cha Marekani kilionyesha sehemu ya sita ya msimu wa pili wa mchezo wa mfululizo uitwao Atlanta. Mchezo huo, uliobuniwa na Donald Glover na kuonyeshwa tangu mwaka 2016 hadi 2022, wasimulia maisha ya vijana Weusi wa mji wa Atlanta katika jimbo la Georgia: mwimbaji wa rap anayeanza kujulikana, binamu yake anayemsimamia katika kazi hiyo, na rafiki yao mpole aitwaye Darius. Kwa kawaida mchezo huu huchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja, na mara kwa mara huiacha njia ya mambo ya kila siku na kuingia katika mambo yanayofanana na ndoto. Lakini sehemu ile, iliyopewa jina "Teddy Perkins", ilikwenda mbali kuliko zote zilizoitangulia. Walioketi ili wacheke walijikuta wakiogopa, na walipomaliza kuogopa wakaanza kubishana juu ya maana ya kile walichokiona.

Msomaji aweza kuuliza: jambo hili lina uhusiano gani na jarida la chuo cha theolojia? Jibu langu ni kwamba yako mambo mawili yanayotuhusu. Kwanza, namna watazamaji walivyoipokea hadithi ile inafanana sana na namna wasikilizaji wanavyoupokea mfano unaosimuliwa mimbarani. Kwa hiyo twaweza kujifunza hapo jambo la ufafanuzi wa Maandiko. Pili, katika hadithi ile mmehubiriwa injili ya uongo ambayo kwa sauti yake inakaribiana mno na maneno tunayoyasema sisi wenyewe tunapomfariji mtu aliyeumia. Hatari iko hapo. Makala hii inakusudia kuyaeleza mambo hayo mawili, na kisha kuuliza ni nini kinachoutenganisha msalaba wa Kristo na ibada ya maumivu.

2. Hadithi Yenyewe

Yatupasa kwanza kuieleza hadithi kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuiona. Darius amesikia kwamba piano yenye vibonyezo vya rangi nyingi inatolewa bure. Anakodi gari la mizigo na kwenda kuichukua katika jumba kubwa la zamani. Mlango unafunguliwa na mtu wa ajabu: ngozi yake nyeupe kama nta, uso umekazwa kana kwamba umetengenezwa kwa mikono, sauti nyembamba, adabu nyingi mno. Huyo ndiye Teddy Perkins. Anakula yai la mbuni lililochemshwa nusu na kumkaribisha mgeni naye ale. Anaeleza kwamba piano ni mali ya ndugu yake Benny Hope, mpiga piano aliyekuwa mashuhuri zamani, ambaye kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi hawezi kukaa juani na sasa haonekani.

Hatua kwa hatua Teddy anamtembeza Darius ndani ya jumba. Amekusudia kuligeuza liwe makumbusho, na duka la zawadi kwa wageni limekwisha kutayarishwa. Kipo na chumba alichokiweka wakfu kwa ajili ya baba wakuu, yaani wale wazazi wa kiume waliowasukuma watoto wao hadi wakawa watu mashuhuri. Anawataja: Joe Jackson, baba wa Marvin Gaye, baba wa Tiger Woods, baba wa Serena Williams; hata mzazi mmoja ambaye ni wa kubuniwa tu katika sinema ya mwaka 1985. Katika chumba hicho imesimama sanamu ya baba yake mwenyewe, imevikwa suti vizuri, lakini haina uso.

Teddy anasema kwamba baba yao aliwapiga ili wajifunze muziki, na kwamba haikuwa ubaya. Ilikuwa ni kujitoa kwa ajili yao. Mafundisho yake yote yakusanyika katika imani moja: jambo kubwa halizaliwi ila katika maumivu makubwa. Baadaye Darius anakutana na Benny mwenyewe chini ya jumba, akiwa katika kiti cha magurudumu na uso umefunikwa. Benny hawezi kusema. Anaandika kwa chaki juu ya kibao kwamba Teddy atawaua wote wawili, na kwamba iko bunduki juu darini. Darius haamini. Anapokuja kuamini, amekwisha kuchelewa. Teddy anamfunga pingu kwenye kiti akikusudia kumwua. Hapo Darius anamwambia maneno yaliyo kiini cha hadithi: kwamba naye alikuwa na baba wa namna hiyo, kwamba baba yake Teddy alipaswa kuomba radhi, na kwamba si kila jambo kubwa latoka katika maumivu, mengine yatoka katika upendo. Benny anatokea, anampiga Teddy risasi, kisha anajiua. Polisi wanafika, na miili inatolewa nje.

3. Jinsi Watazamaji Walivyoipokea

Sehemu hiyo ilionyeshwa usiku ule bila kukatizwa na matangazo ya biashara. Jambo hili laonekana dogo, lakini sivyo. Tangazo humpa mtazamaji nafasi ya kusimama, kunywa maji na kukumbuka kwamba yote ni mchezo. Safari hii nafasi hiyo iliondolewa. Zaidi ya hayo, watu wengi hawakujua nani aliye nyuma ya uso ule mweupe. Katika orodha ya waigizaji iliandikwa tu kwamba Teddy Perkins ameigizwa na yeye mwenyewe. Baadaye ndipo ilipojulikana kwa wote kwamba alikuwa ni Donald Glover, na kwamba wakati wa kupiga picha hakuvua sura hiyo hata alipokuwa nje ya kamera. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, katika sherehe ya tuzo za Emmy, mtu mwenye sura ya Teddy Perkins alionekana ameketi kati ya wageni, na watazamaji wakaanza upya kuulizana ni nani. Sehemu hiyo ilipata pia tuzo ya upigaji picha, kazi ya Christian Sprenger, na mwongozaji wake, Hiro Murai, alisifiwa sana.

Katika mambo mengi yaliyosemwa baada ya usiku ule, twaweza kuwagawa watazamaji katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni waliocheka. Hawakukosea, mchezo wenyewe unawaalika. Darius anapowapigia rafiki zake simu na kuwaeleza mtu aliyemwona, wao wanamfanyia mzaha kwa kumfananisha na mchezaji wa besiboli Sammy Sosa, ambaye rangi ya ngozi yake ilibadilika. Lakini kicheko hicho kilipungua kila hatua, na wengi waliona haya kwa kuwa walikuwa wamekwisha kumcheka mtu ambaye sasa walianza kuyaona majeraha yake.

Kundi la pili ni wale waliotafuta jina. Teddy Perkins ni nani hasa? Wengi walijibu upesi: ni Michael Jackson. Ngozi, pua, sauti, jumba, utoto ulioibiwa na baba mkali, yote yalionekana kuelekea huko. Hapa yatupasa kuwa waangalifu na wenye haki. Michael Jackson, aliyefariki mwaka 2009, alieleza hadharani mwaka 1993 katika mazungumzo yake na Oprah Winfrey kwamba alikuwa na ugonjwa unaoondoa rangi ya ngozi, na uchunguzi wa mwili wake baada ya kifo ulithibitisha. Katika mazungumzo hayo hayo alieleza pia hofu aliyokuwa nayo kwa baba yake. Ugonjwa si dhambi, wala si mfano wa dhambi. Mtu akiisoma hadithi kana kwamba ngozi nyeupe ni adhabu ya kujikana, amerudia kosa la rafiki zake Ayubu.

Kundi la tatu ni wale waliotaka kufumbua kila fumbo. Je, Benny yupo kweli, au Teddy na Benny ni mtu mmoja aliyegawanyika sehemu mbili, yule aonekanaye na watu na yule aliyefungiwa chini? Yai la mbuni maana yake nini? Rangi za vibonyezo je? Wengine walikumbuka sinema ya Get Out ya mwaka 2017, ambamo Lakeith Stanfield, mwigizaji wa Darius, alikuwamo pia. Wengine sinema ya zamani ya mwaka 1962, What Ever Happened to Baby Jane?, iliyosimulia ndugu wawili na umaarufu uliokauka.

Kundi la nne, ambalo nadhani lilikuwa dogo lakini lilisikia vizuri kuliko yote, ni wale waliohuzunika. Hawa hawakuuliza Teddy ni nani. Walimkumbuka mzazi fulani, mwalimu fulani, fimbo fulani. Na walipomsikia Teddy akimsifu baba yake, waliitambua sauti yao wenyewe.

4. Mfano na Fumbo

Mwanafunzi wa theolojia atayatambua makundi hayo. Kwa muda wa karne nyingi Kanisa lilisoma mfano wa Msamaria Mwema (Lk. 10:25-37) kama lile kundi la tatu. Augustino alifundisha kwamba aliyeanguka kati ya wanyang'anyi ni Adamu, nyumba ya wageni ni Kanisa, na mwenye nyumba ni mtume Paulo. Mwishoni mwa karne ya 19 Adolf Jülicher alipinga njia hiyo na kufundisha kwamba mfano una shabaha moja, na kwamba vitu vilivyomo ndani yake havihitaji kila kimoja kupewa jina la siri. Wataalamu waliomfuata wameona kwamba naye alizidisha, lakini onyo lake linatufaa bado. Anayefumbua fumbo lote huweza kubaki salama kabisa. Ameshughulika na yai, na rangi, na majina, hakuna aliyemgusa.

Kundi la pili lina usalama wa namna nyingine. Nikisema kwamba Teddy ni Michael Jackson, basi hadithi yahusu familia moja ya Gary, Indiana, na mimi niko mbali. Hapo ndipo twapaswa kumkumbuka nabii Nathani (2 Sam. 12:1-7). Daudi alisikia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, akakasirika sana, akatoa hukumu. Alikuwa mtazamaji mzuri. Alifahamu ubaya, akahurumia aliyeonewa. Alichokikosa ni kutambua kwamba hadithi ilikuwa yake mwenyewe, mpaka nabii alipomwambia. Tangu hapo tunajua kwamba kulielewa fumbo na kutubu si kitu kimoja.

Basi, katika hadithi ya Teddy Perkins mtazamaji yuko wapi? Yuko katika lile duka la zawadi. Jumba lile latayarishwa kwa ajili yake. Maumivu ya watoto wawili yamewekwa katika vyumba ili watu wapite, watazame, wanunue kumbukumbu. Umaarufu hauwezi kuwepo bila watazamaji. Na kila aliyefurahia muziki wa mtoto aliyepigwa ili aimbe, ameingia mlango huo pasipo kujua. Hata Darius, mtu mwema kuliko wote katika hadithi, alibaki katika jumba muda mrefu kuliko ilivyofaa kwa sababu aliitaka piano.

5. Injili ya Teddy Perkins

Sasa natuyapime mafundisho ya Teddy kwa Neno la Mungu. Yana mambo matatu: jina, gharama, na baba.

(a) Jina. Watu wa Babeli walijenga mnara ili wajifanyie jina (Mwa. 11:4). Sura inayofuata Mungu anamwahidi Abramu kwamba Yeye ndiye atakayelikuza jina lake (Mwa. 12:2). Tofauti si kati ya kuwa na jina na kukosa jina. Tofauti ni kati ya jina linalojengwa na jina linalopokelewa. Jina linalojengwa lahitaji matofali siku zote, na mjenzi akikosa matofali mengine huwatumia watoto wake.

(b) Gharama. Teddy anaamini kwamba maumivu ndiyo bei ya ukuu, na kwa kuwa bei imelipwa, aliyelipisha ana haki ya kushukuriwa. Katika Waamuzi 11 Yeftha aliweka nadhiri ili ashinde vita, na gharama ya ushindi wake ikawa binti yake wa pekee. Alilia, lakini hata katika kulia kwake alimlaumu mtoto kwamba ndiye aliyemletea huzuni (Amu. 11:35). Ndivyo wafanyavyo baba wa namna hii: hujihesabu kuwa wao ndio waliojitoa, hali aliyetolewa ni mwingine. Kinyume chake ni mlima Moria, ambako mkono wa Ibrahimu ulizuiwa (Mwa. 22:12). Mungu wa Biblia hataki ukuu unaonunuliwa kwa mwili wa mtoto.

(c) Baba. Sanamu ile isiyo na uso ndiyo nguzo ya nyumba nzima. Mtoto aliyepigwa hakumfahamu baba yake. Alijua mkono wake tu. Kwa hiyo alipokua alimjengea madhabahu, kwa maana mungu asiye na uso hutulizwa, hapendwi. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Luther anaieleza amri ya kwanza kwa kusema kwamba kile ambacho moyo hukitegemea na kukishika, hicho ndicho mungu wa mtu. Mungu wa Teddy ni baba huyo. Nasi tunaye Baba ambaye uso wake umeonekana katika Mwana (Yn. 14:9).

Itafaa hapa kutaja jambo linalotuhusu sisi watumishi kwa karibu zaidi. Marvin Gaye, ambaye baba yake ametajwa katika chumba kile, alipigwa risasi na baba huyo huyo tarehe 1 Aprili 1984 mjini Los Angeles, akafa. Baba yake alikuwa mhubiri. Hatuwezi kusema kwamba ukali wa namna hii wapatikana tu kwa watu wasiolijua Neno.

6. Je, Msalaba Haufundishi Vivyo Hivyo?

Mtu aweza kupinga akisema: Teddy amesema kweli ingawa ameitumia vibaya. Je, Paulo hasemi kwamba dhiki huleta saburi (Rum. 5:3-5)? Je, Waebrania 12 haifundishi juu ya kurudiwa na Baba? Je, Kristo hakupewa Jina lipitalo kila jina kwa sababu alitii mpaka mauti ya msalaba (Flp. 2:5-11)? Tena sisi Walutheri tunajivunia theolojia ya msalaba. Basi kwa nini tushangae mtu akisema kwamba ukuu hutoka katika mateso?

Pingamizi hili ni zito, na halijibiwi kwa neno moja.

Kwanza, tutazame ni nani aliyeubeba msalaba. Katika Wafilipi, Kristo hakumtwika mwingine. Alijinyenyekeza mwenyewe, kwa hiari. Aliwaita wanafunzi wajitwike kila mtu msalaba wake (Mk. 8:34), lakini hakumpa mtu yeyote mamlaka ya kumtengenezea mwenzake msalaba. Waliomtengenezea Yeye msalaba hawakusifiwa kwa sababu ya Pasaka. Aliomba wasamehewe (Lk. 23:34), na anayehitaji msamaha ni mkosaji.

Pili, tutazame Yusufu. Hakuna mtu katika Agano la Kale ambaye mateso yake yalimfikisha mbali zaidi. Lakini alipozungumza na ndugu zake hakusema kwamba walifanya vema kumtupa shimoni. Alisema wazi kwamba walimkusudia mabaya, na kwamba Mungu aliyakusudia kuwa mema (Mwa. 50:20). Makusudi mawili, ya pande mbili, na Yusufu hakuyachanganya. Teddy ameyachanganya. Kwa sababu kitu kizuri kilitokea, yaani muziki, yeye amelibariki pigo lenyewe.

Tatu, hili ndilo alilolifundisha Luther katika Mdahalo wa Heidelberg wa mwezi Aprili 1518. Katika hoja ya 21 anaeleza kwamba mwanatheolojia wa utukufu huyageuza majina, uovu akauita wema na wema akauita uovu. Bali mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu jinsi kilivyo. Wengi wetu hudhani kwamba theolojia ya msalaba ni kuyasifu mateso. Kwa hoja hiyo mambo ni kinyume. Kuyasifu mateso kwa sababu ya ukuu yanaoleta ni theolojia ya utukufu iliyovaa nguo za msalaba. Teddy Perkins, kwa mazungumzo yake yote ya maumivu, ni mwanatheolojia wa utukufu. Maumivu kwake ni ngazi tu ya kupandia.

Nne, hoja ya 28, ambayo ni ya mwisho katika hoja za kitheolojia za Heidelberg, yaweza kuwa jibu kamili kwa chumba cha baba wakuu. Luther anatofautisha mapendo mawili. Upendo wa mwanadamu huzaliwa na kile ukipendacho; hukiona kizuri, kisha hupenda. Upendo wa Mungu haukuti kizuri chake, hukiumba. Baba yake Teddy alimpenda mtoto atakapokuwa mpiga piano mashuhuri. Mungu humpenda mtoto kwanza, na kwa kumpenda humfanya apendeze. Paulo asemapo kwamba dhiki huleta saburi na tumaini, anamaliza kwa upendo wa Mungu uliokwisha kumiminwa mioyoni (Rum. 5:5). Msingi wa tumaini ni upendo huo. Dhiki haikupewa kazi ya kuwa msingi.

Tano, juu ya Waebrania 12: mwandishi anawatia moyo watu wanaoteswa na adui, ili wasidhani kwamba wameachwa na Baba yao. Hawaandikii wazazi ruhusa ya kutesa. Walio wazazi wameandikiwa penginepo, kwamba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa (Efe. 6:4, Kol. 3:21).

7. Luther na Baba Yake

Tungekosa haki kama tungemsimamisha Luther kuwa mwalimu tu katika jambo hili, maana alikuwa pia mtoto aliyepigwa. Katika Mazungumzo ya Mezani alikumbuka kwamba mama yake alimchapa mpaka damu ikatoka kwa ajili ya kokwa moja, na kwamba baba yake Hans alimchapa siku moja kwa ukali hata akamkimbia na kumchukia, mpaka baba alipofanya bidii ya kumrudisha kwake. Hans alikuwa na tamaa kubwa juu ya mwanawe; alitaka awe mwanasheria, na alikasirika sana alipoingia utawa mwaka 1505.

Luther hakuwasingizia wazazi wake. Alisema nia yao ilikuwa njema. Lakini hakusema kwamba fimbo ile ndiyo iliyomfanya kuwa mwalimu wa Kanisa. Alisema kwamba walipita kiasi, na kwamba anayeadhibu yampasa aweke tufaha kando ya fimbo. Tena katika Katekisimo Kubwa, akiieleza amri ya nne, baada ya kuwafundisha watoto heshima anawageukia wazazi na kuwakemea wale wanaoishi kana kwamba Mungu amewapa watoto kwa ajili ya kujifurahisha wao. Hans Luther, kwa ukali wake wote, alimtafuta mtoto aliyemkimbia. Alikuwa na uso. Hilo ndilo Darius alilosema kwamba Teddy alinyimwa: baba anayerudi na kukiri.

Joe Jackson, wa kwanza katika orodha ya Teddy, alifariki tarehe 27 Juni 2018, chini ya miezi mitatu baada ya watu kuiona sehemu hii. Siyo kazi yetu kumhukumu. Lakini wengi waliosoma habari za kifo chake walikuwa wamelikumbuka upya swali: je, nyimbo zile zilistahili bei ile? Nadhani Mkristo ana ruhusa ya kulikataa swali lenyewe. Nyimbo zatupasa kumshukuru Mungu aliyempa mtoto kipawa. Mapigo hayakutoa kipawa. Yaliweka alama ya mwenye kupiga juu ya kitu kisichokuwa chake.

8. Mambo Yatupasayo Watumishi wa Neno

Naomba niseme hapa jambo langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alinijia baada ya ibada, akanieleza jinsi alivyopigwa nyumbani kwao kila mara alipokosa kuwa wa kwanza darasani. Alikuwa amekwisha kuhitimu na kupata kazi nzuri. Mimi, nikitaka kumfariji, nilimwambia: "Lakini ona, mwanangu, Mungu amekufikisha wapi kwa njia hiyo." Alinishukuru kwa adabu, akaondoka. Hakurudi tena kuzungumza nami. Nilipoitazama hadithi ya Teddy Perkins nilitambua kwamba siku ile nilikuwa nimesimama katika chumba cha baba wakuu, nikieleza wageni historia ya sanamu. Kijana yule alikuwa ameniandikia juu ya kibao, kama Benny, nami kama Darius sikuamini.

Kwa hiyo natoa mashauri machache kwa ndugu zangu wachungaji, wainjilisti na wanafunzi.

La kwanza: mtu anapotusimulia uovu aliotendewa, tuuite uovu kabla hatujasema neno lolote juu ya makusudi ya Mungu. Neno la Yusufu ni la Yusufu. Aliyeumia aweza kulisema kwa wakati wake, nasi hatuna haki ya kumtangulia.

La pili: tuangalie shuhuda zinazotolewa katika ibada na mikutano. Ushuhuda unaosifu kipigo kwa sababu ya mafanikio yaliyofuata huwafundisha watoto walioketi mbele kwamba wanaopigwa sasa hawana la kulalamika. Nao hawajui kama mafanikio yatakuja.

La tatu: tuwafundishe wazazi, hasa baba, kwamba kuomba radhi kwa mtoto hakuivunji amri ya nne. Mzazi anayekiri mbele ya Mungu kila Jumapili na asiyeweza kukiri mbele ya mwanawe, hajaujua bado ufunguo aliopewa.

La nne: katika kuhubiri mifano, tusiwape wasikilizaji majina ya siri mengi mno hata wakapata mahali pa kujificha. Nathani alisimulia kwa maneno machache, kisha akamtazama mfalme.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba watazamaji wa "Teddy Perkins" walicheka, wakatafuta jina, wakafumbua mafumbo, na baadhi yao wakahuzunika. Tumeona pia kwamba mafundisho ya Teddy yanatumia lugha ya mateso lakini yanaiabudu heshima ya wanadamu, na kwamba theolojia ya msalaba, ikifahamika sawasawa, humpa mtu aliyeumia ruhusa ya kuliita jeraha lake kwa jina lake halisi. Ubatizo humpa kila mtoto jina kabla hajafanya lolote la kusifiwa. Hajapiga piano, hajashinda mtihani, hajaimba. Tunalitamka jina hilo pamoja na jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, na tangu siku hiyo si juu ya mzazi wala mchungaji kumwambia mtoto yule kwamba bado hajastahili kupendwa.

Yule kijana bado namkumbuka. Kama Mungu akinijalia kuonana naye tena, ninalo neno la kumwambia, nalo ni tofauti na lile la kwanza.